Maji ya Ziada: Adabu za Msafiri Anayelala Porini

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandika ardhi na kuweka humo njia ili waja wake wapate kwenda na kurudi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika miaka ya karibuni imeenea miongoni mwa vijana wetu tabia ya kufunga safari za magari kwenda maporini, kupiga mahema na kulala huko siku mbili au tatu. Baadhi ya wazee huiona tabia hii kuwa ni kuiga watalii. Vijana nao hutuuliza maswali ambayo ni ya haki kuulizwa: Je, safari ya namna hii ni jambo la kheri au ni upuuzi? Je, msafiri wake anapunguza Swala? Akikosa maji afanyeje? Kibla atakijuaje mahali pasipo na msikiti?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kupitia safari moja tuliyoifanya mwezi Julai 2023, kutoka Masuguru, katika mji wa Korogwe, kupitia Handeni na Kilindi hadi Kibaya, makao makuu ya Wilaya ya Kiteto. Tulikuwa watu 11 katika magari mawili: walimu watatu wa madrasa na vijana wanane. Tulikwenda taratibu, siku nne, tukilala porini usiku tatu. Lililo muhimu kuliko yote katika safari ile ni hili: sheria ya Kiislamu imempa msafiri ruhusa nyingi, lakini haikumruhusu kusahau kwamba pori alimolala lina wenyewe, na kwamba haki yao ya kwanza imo katika dumu la maji alilolibeba.

NIA KABLA YA GARI

Qur'ani Tukufu imewaamrisha watu zaidi ya mara moja kutembea katika ardhi na kuangalia. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, wanadamu wameelekezwa kwenda katika ardhi wakatazame jinsi uumbaji ulivyoanzishwa. Katika Suratul Mulk, aya ya 15, tumekumbushwa kuwa ardhi imefanywa laini kwa ajili yetu ili tupite pande zake na kula riziki za Mola wetu, kisha marejeo ni kwake. Kwa hiyo asili ya safari ni uhalali, na ikiambatana na nia njema huwa ibada.

Hata hivyo wanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, walitazama kwa makini swali la mtu anayesafiri bila haja ya biashara, elimu wala ziara. Wanachuoni wa baadaye wa madhehebu haya walitofautisha mambo mawili. Mtu anayetoka ili kuiondolea nafsi yake uchovu na dhiki, kwa kuona kile kinachoituliza, huyo ana kusudio sahihi. Ama anayezunguka kwa ajili ya kuona miji tu, bila lengo lolote, hakuhesabiwa kuwa na kusudio linalomstahikisha kupata ruhusa za msafiri. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, lakini inamlazimisha kijana ajiulize kabla hajawasha gari: Ninatoka kwa ajili gani? Anayetoka ili apigwe picha na kuwaonyesha wenzake, na anayetoka ili moyo wake utulie na macho yake yazingatie, wanaweza kulala katika hema moja na malipo yao yakawa mbalimbali.

Sisi tulitoka siku ya Jumamosi, tarehe 15 Julai. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Kwa Mashafi'i, mtu aliyewajibikiwa na Swala ya Ijumaa haimfai kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo, ila kama ataidiriki njiani au kama kuachwa na wenzake kutamdhuru. Tukaswali Ijumaa mjini, tukalala, tukaondoka kesho yake baada ya Alfajiri.

NJIA NA WATU WAKE

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni mwendo wa takriban kilomita 65 za lami. Nyuma yetu tuliacha Mto Pangani, mashamba ya mkonge na vilele vya Usambara. Mbele yetu nchi ilizidi kuwa kavu na nyekundu. Kutoka Handeni njia inaelekea magharibi, ikipitia Mafuleta na Kibirashi, kisha inaingia Kijungu na kuishia, kwa upande wetu, Kibaya. Hapo ndipo mtu anapoingia katika ile nyika pana iitwayo Nyika ya Wamasai: migunga, mibuyu, vichaka vya miiba, na mifugo inayotembea mwendo mrefu kutafuta majani.

Msomaji asidhani kwamba kulala porini ni jambo geni kwa watu wa pwani. Kabla reli ya Tanga haijafika Korogwe mwaka 1902, misafara ya Waswahili kutoka Pangani ilikuwa ikipanda kulifuata bonde la mto huu kwenda bara. Msafara ulikuwa na kirongozi wake, na kila jioni watu walikata miiba wakazungushia kambi ili kujikinga na wanyama. Wazee wetu walikuwa na msamiati kamili wa kambi, hema, boma na kituo cha maji kabla hapajakuwa na mtalii hata mmoja wa kuwafundisha.

Aidha Handeni ni nchi inayoijua safari kwa uchungu wake. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi Somalia. Baadhi yao waliponyoka, wakaweka makazi kando ya Mto Juba, na vizazi vyao vikaihifadhi lugha ya Kizigua ugenini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wa watu wale walikimbia, wakafika Tanzania na kupewa hifadhi katika ardhi ileile waliyochukuliwa mababu zao. Makazi ya Chogo, wilayani Handeni, yalifunguliwa kwa ajili yao mwaka 2003, na baadaye wengi wao walipewa uraia. Hao ndio wana wa njia wa kweli, ambao Qur'ani, katika Suratut Tawba aya ya 60, imewawekea fungu katika Zaka. Anayelala chini ya nyota kwa hiari yake, huku akiba ya chakula imo garini, na awakumbuke waliolala hivyo kwa kulazimika.

AMIRI, SWALA NA KIBLA

Mtume (s.a.w.) aliagiza, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao awe amiri. Tukamteua kijana mmoja mwalimu wa hesabu, ambaye pia alikuwa dereva wa gari la mbele. Wapo walioona kwamba angefaa mzee. Lakini uamiri wa safari ni kazi ya anayeijua njia, gari na akiba, na mwenye ndevu nyeupe akikubali kuongozwa na kijana katika jambo analolimudu, hiyo nayo ni darsa.

Kuhusu Swala, kwa Mashafi'i safari inayoruhusu kupunguza ni ile ya marhala mbili, ambazo wanachuoni wa zama hizi huzikadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Korogwe hadi Handeni haifiki kiasi hicho, lakini kinachotazamwa ni mwisho wa safari uliokusudiwa tangu mwanzo, na Kibaya iko mbali kupita kiasi hicho. Kwa hiyo tulianza kupunguza baada ya kuvuka majengo ya mji wetu. Adhuhuri, Alasiri na Isha huswaliwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Inajuzu pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha.

Ama Kibla, Mwenyezi Mungu aliturahisishia. Kwa mtu aliye Handeni, Makka iko kaskazini, imeelemea mashariki kidogo sana. Nyota ya Kaskazini haionekani kwetu, lakini kundi la nyota liitwalo Msalaba wa Kusini huonyesha kusini. Anayelipa mgongo amekaribia kuelekea Kibla. Tena safari yetu iliangukia siku yenye alama iliyo wazi zaidi. Mara mbili kila mwaka, takriban tarehe 28 Mei na 16 Julai, jua husimama juu kabisa ya Al-Kaaba wakati wa adhuhuri ya Makka. Kwa kuwa saa za Makka na zetu ni moja, mwezi Julai jambo hilo hutokea saa 6 na dakika 27 mchana. Amiri alisimamisha fimbo ardhini, tukasubiri dakika ile, na vijana wakaona kwa macho yao kivuli kifupi kikielekea kusini. Upande wa pili wa kivuli ndio Kibla. Kijana mmoja akachota kokoto akazipanga mstari, tukaswali Adhuhuri kwa mstari ule.

Tuliadhini kila wakati, japokuwa hapakuwa na mtu wa kuitika. Bukhari amepokea kwamba Abu Said al-Khudri (r.a.) alimwusia mtu aliyependa kukaa nyikani na kondoo wake kwamba anyanyue sauti katika adhana, kwa kuwa hakuna jini, mtu wala kitu kinachoisikia ila kitamshuhudia Siku ya Kiyama.

PORI SI TUPU

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza wasafiri wanaotua usiku wasilale njiani, kwa sababu usiku njia ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu wenye sumu. Atazame mwenye akili: ile njia tunayodhani kuwa ni yetu, usiku huwa ni ya wengine. Basi tulitua mbali na barabara, mbali na mapito ya mifugo, na nje ya makorongo, kwani korongo kavu laweza kujaa maji ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali.

Kabla ya kutua tuliwaendea viongozi wa kijiji na kuomba idhini. Baadhi ya vijana walishangaa, kwani hawakuona nyumba wala shamba. Lakini katika nchi yetu sehemu kubwa ya kile tunachokiita pori ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kichaka unachokiona hakina mtu ni malisho ya fulani, mizinga ya fulani, au makaburi ya wazee wa fulani. Na Uislamu umefundisha kubisha hodi kabla ya kuingia kwa watu.

Tuwape mfano wa mbali. Huko Australia iko nyika kubwa ya ndani ambayo hadi leo watu huenda kwa magari na kulala humo wiki nzima. Mwaka 1860 uliondoka mji wa Melbourne msafara wa Robert O'Hara Burke na William John Wills kwenda kuivuka nchi ile kutoka kusini hadi kaskazini. Msafara ulikuwa na ngamia walioletwa kutoka Bara Hindi pamoja na wachungaji wao, na miongoni mwa hao walikuwamo Waislamu. Burke na Wills walifika karibu na bahari ya kaskazini, lakini waliporudi kwenye kituo chao cha akiba, mwezi Aprili 1861, waliwakuta wenzao wameondoka saa chache tu kabla. Wote wawili wakafa kwa njaa na udhaifu kandokando ya mto Cooper, katika nchi ambayo watu wa kabila la Yandruwandha walikuwa wakiishi humo na watoto wao. Aliyeokoka ni John King peke yake, kwa sababu Yandruwandha walimpokea na kumlisha miezi kadhaa hadi alipopatikana Septemba mwaka huo.

Baada yao walikuja wachungaji wengi wa ngamia, Waislamu kutoka Afghanistan na Bara Hindi, ambao kwa miaka mingi ndio waliobeba mizigo, chakula na maji katika nyika ile. Walijenga misikiti ya udongo na mabati jangwani, na mwaka 1888 ukaanza kujengwa msikiti wa Adelaide ambao ungali unaswaliwa. Treni iendayo kutoka Adelaide hadi Darwin inaitwa The Ghan, jina linalonasibishwa na wao. Somo lililo wazi ni kwamba nyika humuua anayeiona kuwa ni tupu, na huenda akaokoka humo anayepokelewa na wenyeji wake.

DUMU LA MAJI

Sasa tufike kwenye jambo tulilolikusudia. Handeni na jirani zake ni nchi inayojulikana kwa shida ya maji. Katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga mradi wa kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka Korogwe kuyapeleka Handeni, mradi ambao watu wanaujua kwa jina la HTM. Mwaka 2022 mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 ilitiwa saini kwa mkopo kutoka India, na Handeni na Korogwe ni miongoni mwa miji hiyo. Lakini vijiji vya mbali, wakati wa kiangazi, bado maisha yao hufungamana na lambo, kisima cha pampu ya mkono, au shimo lililochimbwa katika mchanga wa korongo.

Kwa kulijua hilo, amiri wetu aliamua tusichote maji ya vijijini. Tulibeba madumu 14 ya lita 20, yaani lita 280. Hesabu yake ilikuwa lita 5 kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia, jumla lita 220 kwa siku nne. Zilizobaki lita 60 ni za udhu na usafi. Mtume (s.a.w.), kama alivyosimulia Anas (r.a.), alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, ambayo ni pungufu ya lita moja. Kwa hiyo lita 60 zilionekana kututosha.

Alasiri ya siku ya pili, tukiwa tumeshaipita Kibirashi, tulimkuta bibi mmoja kando ya njia akiwa na wajukuu wawili, punda mmoja na mbuzi wachache. Pampu ya kijiji chao ilikuwa imeharibika. Walikwenda korongoni tangu asubuhi, wakalikuta shimo limekauka, nao walikuwa wakirudi na madumu matupu. Bibi hakutuomba kitu. Alijibu salamu, akatuuliza kama huko tulikotoka tumeona maji. Mtoto mdogo alikuwa akiyatazama madumu yaliyofungwa juu ya gari.

Wakati ule tulikuwa tumebakiwa na lita 140: lita 110 za kunywa na kupikia, na 30 za udhu. Amiri akatuita kando kwa shauri. Kijana mmoja, mcha Mungu na mwenye bidii, akasema: "Maalim, tukitoa maji ya udhu tutaswali vipi? Sisi tumekuja huku kwa ajili ya ibada." Mwingine akasema: "Na tukiwapa leo, kesho watakunywa nini? Hatuwezi kuimaliza shida ya nchi nzima kwa dumu moja." Maneno yote mawili yalikuwa ya mtu anayefikiri, na kila moja lilistahiki jibu lake.

Jibu la kwanza ni la fiqhi. Wanachuoni wa Kishafi'i wamesema wazi kwamba maji yakihitajiwa kwa ajili ya kiu ya kiumbe chenye heshima katika sheria, akiwa mtu au mnyama asiye na madhara, hayajuzu kutumiwa kwa udhu. Mwenye maji atatayamamu. Wala halikuwekwa sharti kwamba mwenye kiu awe ni wewe mwenyewe. Mwenyezi Mungu ameiweka ruhusa ya tayamamu katika Suratun Nisaa aya ya 43 na Suratul Maida aya ya 6, na udongo wenye vumbi ulikuwa umetujaa hadi katika kope. Kwa hiyo kumnywesha bibi yule hakukuwa kinyume cha ibada yetu. Swala ya tayamamu siku ile ndiyo iliyokuwa Swala yetu iliyoamrishwa.

Tena liko kemeo zito. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) habari ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama kwa rehema Siku ya Kiyama wala hatawatakasa. Mmoja wao ni mtu aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima mpita njia. Mtume (s.a.w.) hakumtaja hapo tajiri aliyenyima dhahabu, amemtaja msafiri mwenye maji.

Jibu la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa ni kweli kwamba dumu haliondoi shida. Lakini anayetumia ukubwa wa shida kuwa sababu ya kutotoa alichonacho amelipindua jambo. Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kwamba walipokuwa safarini na Mtume (s.a.w.) alikuja mtu juu ya mnyama wake, akawa anageuza macho kulia na kushoto. Mtume (s.a.w.) akaamrisha aliye na kipando cha ziada ampe asiye nacho, na aliye na chakula cha ziada ampe asiye nacho, akaendelea kutaja aina za mali mpaka Masahaba wakaona kwamba hakuna mwenye haki katika kilichomzidi. Yule mtu hakuwa amesema neno. Macho yake yalitosha. Na Nabii Musa (a.s.) alipofika katika maji ya Madyan, mkimbizi, amechoka, hana chakula, jambo la kwanza alilofanya, kama ilivyo katika Suratul Qasas aya ya 23 na 24, ni kuwanyweshea wanyama wanawake wawili waliozuiwa na msongamano. Baada ya hapo ndipo alipokaa kivulini akamwomba Mola wake. Hakungoja kwanza aimalize dhuluma ya Madyan yote.

Amiri akaamua tutoe madumu mawili, lita 40. Lita 30 ni zile za udhu, na lita 10 zilipatikana kwa kuacha kupika maharage usiku ule. Tukala mkate na tende. Bibi akawanywesha watoto kwanza, kisha punda, kisha akanywa yeye. Magharibi na Isha tukaziswali kwa tayamamu, na Alfajiri vilevile.

Tusiipambe habari hii kupita ukweli wake. Hatukupatwa na dhiki kubwa. Kesho yake tulifika Kijungu, tukanunua dukani katoni tatu za maji ya chupa, tukaendelea na safari. Lakini hapo ndipo penye fundisho. Sisi tulipopungukiwa, tulitia mkono mfukoni. Yeye alipopungukiwa, alirudi nyumbani na dumu tupu. Maana yake ni kwamba ziada ya msafiri wa leo haimo ndani ya dumu peke yake. Imo pia mfukoni mwake, na hukumu ya kuizuia itazamwe kwa jicho hilohilo. Gharama ya mafuta ya magari mawili kwa siku nne si ndogo, na pampu ya mkono mara nyingi husimama kwa kukosa kipuri kidogo.

Kwa sababu hiyo, jioni ya siku ya mwisho vijana wenyewe walikubaliana kwamba katika kila safari itakayofuata fungu moja la michango litatengwa kwa ajili ya maji ya kijiji watakachopita, na kwamba swali la kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji litakuwa ni hali ya kisima, kisha ndipo waulize mahali pazuri pa kupiga hema. Sa'd bin Ubada (r.a.) alipouliza ni sadaka gani bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki, aliambiwa maji, naye akachimba kisima. Na Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma akakifanya wakfu kwa Waislamu. Sadaka ya dumu ni ya siku moja. Sadaka ya kisima huendelea mtu akiwa kaburini.

MOTO, TAKA NA VIUMBE

Yako mambo mengine matatu ambayo anayelala porini hana budi kuyachunga.

La kwanza ni moto. Mtume (s.a.w.) alikataza moto uachwe ukiwaka watu wakilala, akaueleza kuwa ni adui. Ikiwa hilo ni nyumbani, basi katika nyasi kavu za mwezi Julai ni zaidi. Cheche moja yaweza kuteketeza malisho ya kijiji kizima na mizinga ya mtu. Uzime kwa mchanga, uguse jivu kwa mkono, ndipo ulale.

La pili ni taka. Katika hadithi ya Mu'adh (r.a.) tumehadharishwa kujisaidia mahali pa maji, njiani na kivulini, kwa kuwa ni sababu ya kulaaniwa na watu. Anayeacha chupa, mifuko na makopo chini ya mgunga ambao mchungaji hupumzikia amelichafua lile lile lililolindwa na hadithi hii. Ulichokuja nacho rudi nacho.

La tatu ni viumbe. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kwamba Masahaba wakiwa safarini waliwachukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akihangaika juu yao. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Akaona pia kichuguu cha sisimizi kilichochomwa moto, akalikemea jambo hilo. Kijana wetu mmoja alipotaka kumfukuza digidigi kwa gari ili ampige picha, alisomewa hadithi hii, akaacha.

MWISHO WA SAFARI

Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa safari ni sehemu ya adhabu, kwa kuwa humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, akaagiza kwamba aliyemaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Kwa hiyo wazazi wasiwakataze vijana safari za namna hii kwa sababu tu ni ngeni machoni mwao, na vijana wasizifanye kuwa kazi ya maisha wakaacha wazazi, masomo na Swala za jamaa. Mwenye nia sahihi, amiri, idhini ya wenyeji, na akiba ambayo ndani yake mna fungu la mwingine, huyo na asafiri kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Na ambaye hatasafiri kamwe, naye asidhani kwamba kemeo la maji ya ziada halimhusu. Sote ni wapita njia, na kila mmoja wetu ana dumu alilolibeba.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awanyweshe waja wake na wanyama wake, aieneze rehema yake juu ya nchi iliyokauka, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotoa kabla ya kuombwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.